Uso wa Barwaqo kwenye Slaidi ya Tano

Garissa, Bulla Iftin
Jumatatu, 6 Januari 2025

Na hilo la kukata picha, Mahat wangu, si gumu kama ulivyoliandika. Ukurasa mzima umeujaza malalamiko juu ya picha moja! Lakini ngoja kwanza nikusalimie nisionekane mke asiye na adabu. Assalamu alaikum, mume wangu, mume wangu, mume wangu. Nimeliandika mara tatu kwa sababu bado naona raha kuliandika. Siku arobaini na moja tangu nikahi yetu, na nikilitamka peke yangu jikoni nacheka kama mwendawazimu.

Awil dereva aliniletea barua yako jana aliposhusha mbuzi sokoni. Aliitoa chini ya kiti cha lori, inanuka dizeli, nami nikaibusu hivyo hivyo mbele yake. Akasema, "Dada, mimi sikuona kitu." Aliyeona ni mama yako. Aliigeuza geuza akauliza kwa nini hukuandika Kisomali kama mtoto wa watu. Nikamjibu kwamba shuleni tulifundishwa kuandika barua kwa Kiswahili. Hiyo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili unaijua: Hooyo Maryan hasomi Kiswahili, na mimi nina maneno ambayo mama mkwe hapaswi kuyaona.

Nilikuwa bado nacheka nilipofika ulipoandika habari za wale sita waliouawa, nikakaa chini sakafuni. Sijui ulipata wapi nguvu ya kuyaandika. Pikipiki tatu, mchana kweupe, watu wameinama wakinywesha mifugo. Yule mzee aliyeangukia ndani ya hori, na ngamia wakakataa maji siku mbili kwa sababu ya damu. Na huyo Barwaqo muuza chai, amelala nyuma ya tangi, birika la moto limemmwagikia miguuni na hathubutu kupiga kelele. Wamejifunga vilemba usoni lakini yeye anawajua kwa sauti. Miaka miwili amewatilia chai, anajua nani anataka sukari tatu na nani moja. Halafu akawa na moyo wa kukupeleka na kukuonyesha maganda ya risasi na alama za matairi!

Nimeelewa, mpenzi. Mifugo imeshakanyaga alama zote, na picha uliyopiga ndiyo ushahidi pekee uliobaki. Lakini upepo ulimvua ushungi na uso wake umo wote. Wakiuona, watamuua. Basi msikilize mwalimu wako.

Fungua kwenye simu slaidi ya tano, katika zile utakazowaonyesha wazee kwenye kikao cha amani. Gusa picha mara moja. Chini ya kioo itatokea alama ya kukata, ile inayofanana na pembe mbili zilizopishana. Iguse. Sasa vuta ukingo taratibu, kama unavyonivuta ushungi, mpaka ubaki mkono wake tu ukionyesha yale maganda. Gusa pembeni. Basi. Uso umetoweka.

Mengine ni haya. Wazee wengi hawasomi, kwa hiyo usijaze maneno. Mistari minne kwa slaidi inatosha, herufi kubwa kama za ubao wa duka. Darasa mtakalokutania lina mwanga mwingi, tumia herufi nyeusi juu ya nyeupe, rangi nyingine zote zitapauka kwenye projekta. Weka nakala ya pili kwenye memori kadi, maana simu huanguka. Najua mnara wenu umelipuliwa na mtandao hakuna, lakini weka simu kwenye hali ya ndege hata hivyo, kwa sababu simu inayotafuta mtandao usiokuwepo hula betri kupita kiasi. Na nakuomba, zima ile kengele ya saa nne niliyokurekodia. Hali ya ndege haizimi kengele.

Nakuona umesimama mbele yao katika ile kanzu ya kijivu. Katika koo mbili zinazogombana hapo, wewe si wa upande wa Juu wala wa upande wa Chini, ndiyo maana kamati ya amani ilikuchagua kuwa karani. Watakusikiliza. Nani asiyeweza kukusikiliza?

Wako, wako, wako,
Idman


El Maqar
Jumanne, 14 Januari 2025

Mwalimu wangu mpendwa,

Wa alaikum salaam. Naanza na makosa ili nimalizie na sifa. Kengele sikuizima.

Tulikuwa darasani, wazee wa Juu wameketi kulia, wa Chini kushoto, bunduki zote zimeachwa nje kwa askari. Maafisa kutoka Elwak wameleta projekta na jenereta. Nilionyesha slaidi ya nne, ile ya miili sita imefunikwa kwa maturubai. Wewe hukuwepo, Idman, hukusikia sauti ile. Abdille, kaka yake Barwaqo, alipoteza binamu wawili siku ile. Alirusha kiti kikampata kijana mmoja wa Juu mdomoni, meno mawili yakaanguka palepale. Kijana akachomoa kisu kwenye soksi. Mzee Korane wa upande wa Juu anapaza sauti, "Futa picha hiyo! Futa!" Mimi nimesimama katikati, simu mkononi, nikijua sasa tunauana humu ndani.

Ndipo simu ikasema kwa sauti yako, na ilikuwa imeunganishwa na spika za projekta: "Amka, macaanto, mtamu wangu, jua limeshakutangulia."

Wallahi kisu kilisimama hewani. Mzee Korane akanitazama, akauliza, "Huyu ni nani, karani?" Nikasema, "Ni mke wangu, adeer, mzee wangu. Ni mpya." Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wa pili. Yule wa kisu akakaa mwenyewe, mdomo unavuja damu, naye akitabasamu kwa pengo lake. Nimeaibika kuliko siku zote za maisha yangu, na nadhani umeokoa watu wanne au watano.

Baada ya hapo slaidi ya tano iliingia katika ukimya. Nilikuwa nimeshavuta ukingo kama ulivyoniambia (nilikumbuka ushungi pia). Ulibaki mkono tu na maganda kumi na tisa kwenye mchanga. Hakuna aliyeuliza mkono ni wa nani. Alama ya tairi ilikuwa na mkato wa pembeni, na kila mtu pale anaijua pikipiki yenye tairi lile. Mzee Korane aliinamisha kichwa, na mwisho akasema upande wake utawatoa vijana watatu kabla ya mwezi kwisha. Idman, katika miaka minne hapajasemwa neno kama hilo hapa.

Kila mtu alitaka kuwa na faili. Mtandao hakuna, kwa hiyo nilirusha kwa Bluetooth, simu kumi na moja, za pande zote mbili. Abdille aliichukua, na vijana wa Juu wakaichukua.

Jioni nilikwenda kunywa chai kwa Barwaqo. Miguu yake bado ina malengelenge. Nilimwambia, "Uso wako haukuonekana." Akasema, "Ulikuwa mzuri, sasa wamekosa." Hakutaka nilipe kikombe. Alisema nikuletee salamu, na kwamba mwanamke anayemwamsha mume wake kwa spika mbele ya wazee anahitaji kufundishwa haya.

Nimekukosa. Siandiki zaidi, Awil anapiga honi.

Mumeo,
Mahat


Garissa
Jumatatu, 20 Januari 2025, asubuhi

Mahat, Mahat, Mahat!

Nimekufa! Nimezikwa! Mbele ya wazee! Mbele ya maafisa! Nilipomaliza kusoma nilijifunika mto usoni, Hooyo Maryan akaja mbio akidhani kuna msiba. Nilimwambia tu kwamba mwanawe amefanya kazi nzuri na wazee wamemsifu. Akasema, "Na kwa hilo unapiga kelele hivyo?" Kisha akaenda kuwatangazia majirani wote, nyumba kwa nyumba.

Mwambie Barwaqo nakubali kufundishwa haya, lakini na yeye anifundishe hiyo chai yake. Nimefurahi mno. Kwamba mkono wa muuza chai ndio uliowanyamazisha wanaume wale wote! Na mimi niko hapa saiba, kwenye kompyuta za kukodisha, nikichapa barua za kuomba kazi za watu wengine, hakuna anayejua kwamba kidole changu kidogo pia kimo katika amani hiyo. Nimevimba kichwa, nivumilie.

Mteja ameingia. Nitaendelea.

Siku hiyo hiyo, saa tisa alasiri

Mahat, naandika mbio, soma hata kama maandishi ni mabaya.

Mteja alikuwa Mwalimu Sahra wa jirani. Alileta slaidi za harusi ya dada yake nizichape. Katika picha moja yuko peke yake, anacheka. Nikataka kuikuza ijae karatasi, nikagusa ile alama ya kukata. Picha ikafunguka. Pembeni yake akatokea mwanamume mzima, amemshika bega, meno yote nje. Sahra akapiga kelele, "Huyo nilishamkata! Nilimkata mwaka jana!" Ni mchumba wake wa zamani. Wasichana wa saiba walicheka mpaka wakashika kuta. Mimi sikucheka.

Mahat, kukata hakufuti. Kunafunika tu. Ile sehemu iliyokatwa inabaki ndani ya faili, na mtu yeyote akiipata anaweza kugusa picha, akagusa alama, akavuta ukingo nje. Uso wa Barwaqo umo kwenye simu kumi na moja.

Mimi ndiye niliyekuandikia kwamba uso umetoweka. Mimi.

Kwanza kabla ya yote, mwondoe. Usingoje chochote. Mtie kwenye lori la Awil likiwa linageuka, aje Garissa alale chumbani kwetu, au apelekwe Mandera, kokote. Akishaondoka ndipo ufanye haya mengine. Fungua slaidi ya tano, ionyeshe kioo kizima, upige picha ya skrini. Futa picha ya zamani, weka hiyo ya skrini mahali pake. Hiyo haina kitu nyuma yake. Kisha igeuze faili yote iwe PDF. Waambie wale kumi na mmoja kwamba faili ya kwanza ina kasoro, waifute, uwape mpya. Kuna pia mahali pa kubana picha, na ndani yake pameandikwa kufuta sehemu zilizokatwa. Nilikuwa napaona kila siku. Sikuwahi kupasoma.

Nimemkimbilia Awil sokoni. Ameniapia hatasimama njiani ila kuswali.

Idman


El Maqar
Jumamosi, 25 Januari 2025

Mke wangu,

Barua yako imefika. Usijali. Kila kitu kimeshughulikiwa. Faili imebadilishwa. Barwaqo amesafiri.

Nimeumia mkono kidogo kwenye mlango wa gari, kwa hiyo anayeandika ni Noordin, muuguzi wa zahanati hapa. Msalimie mama. Usimwambie habari ya mkono.

Usirudie kuandika juu ya picha ile. Barua hupita mikono mingi.

Mahat


Garissa
Alhamisi, 30 Januari 2025

Mume wangu,

Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Nilipoona neno "amesafiri" nililia mpaka nikapaliwa. Siku kumi hizi sikula vizuri. Sasa nimekula sahani mbili za mchele na Hooyo Maryan ananitazama tumboni kwa matumaini. Mwache atazame.

Amekwenda wapi? Kama ni Elwak, Awil anaweza kumpelekea kitu. Nimemnunulia ushungi mzito usiopeperuka, rangi ya tende.

Lakini Mahat, nikuulize na usikasirike. Barua yako nimeisoma mara nne nikitafuta neno moja tamu. Hakuna. Hata jina langu hakuna. Najua kaka Noordin ndiye aliyekuwa akiandika na wewe una haya mbele ya watu, lakini hata "Idman" usingeweza kumwambia aandike? Au umenikasirikia? Una haki. Ungenitukana ningefurahi zaidi kuliko kunyamaziwa hivi. Awil naye hakunitazama usoni. Alisema ana haraka, na mbuzi walikuwa wameshashuka wote.

Kama mkono unauma, usiandike. Shika simu kwa ule mzima, fungua kinasa sauti, sema unachotaka, kisha toa memori kadi uifunge kwenye karatasi umpe Awil. Nitaichomeka kwenye simu yangu hapa. Dakika mbili tu. Hata ukikohoa tu. Nataka sauti yako.

Mkeo asiyelala,
Idman


Zahanati ya El Maqar
Jumatano, 5 Februari 2025

Shemeji Idman,

Assalamu alaikum. Mimi ni Noordin, ndiye niliyeandika barua iliyopita. Hii naiandika bila Mahat kujua. Yuko nyuma ya pazia, amelala kwa dawa. Nimefanya kazi katika zahanati nyingi za mpakani na nimeshona watu wengi, lakini uongo ule niliouandika siku ile umenikaa kifuani.

Barwaqo hakusafiri. Nisamehe. Mahat alisema nitumie neno hilo.

Kijana mmoja wa Juu alikuwa akiionyesha ile slaidi kwa wenzake. Aligusa picha, akavuta, uso ukatokea. Kufikia jioni ulikuwa umeshazunguka simu zote za upande wao. Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumanne, tarehe ishirini na moja, adhuhuri, watu wako msikitini, pikipiki mbili zilisimama kwenye kibanda cha chai. Waliagiza chai kwanza. Wakanywa. Mwanamke aliyekuwa jirani amenisimulia. Kisha wakamvuta nywele mpaka nje, wakamwonyesha simu, wakamuuliza, "Mkono gani ulionyesha?" Hakujibu. Mmoja akasema basi tuchukue yote miwili. Waliikatia juu ya gogo la kupasulia kuni, kwa panga lake mwenyewe. Halafu wakampiga risasi ya tumbo wakavuka mpaka.

Majirani waliniletea akiwa hai. Nilifunga, nikafunga tena, bandeji zikaniishia nikachana shuka. Mahat alikuwa amemshika kichwa. Barwaqo alimuuliza mara moja tu, "Ulisema haukuonekana?" Alikata roho ndani ya gari, kabla ya Elwak.

Shemeji, katika vita vyote vya baba zetu, mwanamke hakuguswa. Ndiyo maana wazee hawaamini kwamba vijana wale walifanya hivyo kwa hasira yao tu. Wanasema lazima kuna mtu aliyewapa uso ule kwa makusudi, na aliyetengeneza faili ni mmoja. Jumatano Abdille na ndugu zake watatu walimfuata Mahat ofisini. Hakukimbia. Walimfunga kwenye kiti. Abdille alikuwa na koleo la kufungia waya. Aliuliza, "Nani alikufundisha kutengeneza kitu hiki?" Mahat akasema, "Nimejifunza mwenyewe." Kidole cha kwanza. Aliuliza tena. Hivyo hivyo mpaka vidole saba. Hakuna siku nimeona vidole kama vile. Alipozidi kunyamaza wakampiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Umemwomba arekodi sauti. Taya imevunjika, shemeji. Anachosema nakisikia kwa kuweka sikio mdomoni mwake.

Barua yako ya tarehe ishirini ilifika Alhamisi ile, akiwa hapa kitandani. Mimi ndiye niliyemsomea. Nilipofika mahali ulipoandika kwamba kukata hakufuti, nilishtuka. Nikamwambia, "Kaka, hii karatasi ndiyo uhai wako. Niende nayo kwa wazee sasa hivi." Akatikisa kichwa. Akanong'ona, "Kiberiti." Sikutaka. Alianza kujaribu kushuka kitandani. Nikaiwasha mimi mwenyewe, yeye akiangalia mpaka jina lako likawa jivu.

Sasa askari wawili wako mlangoni mwa zahanati na Abdille ameketi ng'ambo ya barabara kila siku, na bunduki mapajani, hana haraka. Wazee wamempa Mahat mpaka mwisho wa mwezi huu, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Aape kwa Kurani kwamba katika jambo lile alikuwa peke yake na hakujua, au amtaje mwenzake. Kuapa hataki, kwa sababu ni uongo. Kukutaja hataki. Siku zikiisha askari wataondolewa, na mimi sina ila mkasi wa kukatia nyuzi.

Ile barua fupi hakutaka jina lako liandikwe kwa kuogopa ingepotea njiani. Sasa Abdille anafungua kila karatasi inayotoka hapa. Hii nimeishona ndani ya koti la Awil.

Noordin


Garissa
Jumanne, 11 Februari 2025

Mahat,

Kaka Noordin atakusomea. Usimkasirikie, na usimwombe kiberiti. Nimeshaiandika mara nne na nakala nyingine ziko kwa watu wengine. Nimejifunza kuweka nakala.

Nilisoma barua yake nimesimama sokoni, katikati ya mbuzi. Sikuanguka. Nilimshika Awil koti nikamuuliza kama kila neno ni kweli. Akasema, "Dada, nilipofika mimi ndiye niliyeosha gari lile." Sikumuuliza tena.

Nilikwenda nyumbani nikamwomba Hooyo Maryan aketi. Nilimtafsiria kwa Kisomali mstari kwa mstari, ya Noordin yote, kisha nikamsimulia yangu zote nilizowahi kukuandikia, hata zile za aibu. Nilipofika kwenye vidole alinishika kifundo cha mkono akakibana, hakuachia mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, "Kwa hiyo ni wewe." Nikasema, "Ndiyo, hooyo, ni mimi." Akaamka akaanza kukunja mkeka wake. Nilidhani ananirudisha kwa baba yangu. Nikaanza kumwomba msamaha. Akasema, "Nyamaza. Lori linaondoka siku gani?"

Mume wangu, wewe uliona ni mapenzi kunichoma kwenye karatasi. Vidole saba. Kila nikilala navihesabu, na kila kimoja nakibusu, halafu nakasirika. Kwa nini hukufikiri kwamba mimi pia naweza kusimama? Barwaqo alisimama akaonyesha kwa mkono mtupu, hakuwa na shule, hakuwa na askari. Mimi nina kidato cha nne na cheti cha kompyuta, na nilimwambia uongo kupitia mdomo wako. Alikufa akikuuliza swali ambalo ni langu. Siwezi kuliacha likuue na wewe.

Najua wanawake hawasemi katika kikao cha wazee. Sitaingia kikaoni. Nitakwenda ng'ambo ya barabara, pale Abdille anapoketi. Simu yake ina ile faili, aliichukua kwako mwenyewe kwa Bluetooth. Nitamwomba aifungue kwa kidole chake. Nitamwambia, "Fungua slaidi ya tano. Gusa picha. Gusa alama ile. Vuta." Ataona uso wa dada yake ukitokea mkononi mwake, bila mtu kuuza wala kununua. Kisha nitampa simu yangu nimwonyeshe picha yoyote ya kwangu, nikate, na yeye aifungue, mara kumi kama anataka, mpaka aamini kwamba kitu hiki kinawahadaa hata waliosoma. Baada ya hapo nitamwambia jina langu, la baba yangu na la babu yangu, na kwamba aliyesema uso umetoweka ni mimi. Atakachofanya kitakuwa baina yangu naye, Hooyo Maryan akiwa ameketi katikati. Amesema ameshazaa na ameshazika, na hatasogea.

Naogopa. Sitakudanganya kwamba siogopi. Jana nilijaribu kuandika wosia kama wanavyoandika wateja wangu, nikaona sina kitu cha kurithisha ila chupa mbili za manukato na wewe.

Usiape. Usimtaje mtu. Kunywa uji, Noordin akunyweshe kwa mrija. Taya ikipona nataka neno moja tu, jina langu.

Awil anapakia Jumatatu ijayo, tutapita Wajir, halafu barabara ya Elwak kama haijafungwa. Tukichelewa sana itakuwa siku nne. Vyovyote vile nitakuwa El Maqar kabla ya mwezi huu kwisha, inshaallah. Ukisikia lori likisimama ng'ambo, usijaribu kutoka. Niache nishuke mwenyewe.

Mkeo,
Idman